Kutoa bwati otomatiki na kuweka manueli kwenye gari ya zamani: mambo ya kujua mbele ya kutoa pesa

Toyota za zamani zenye bwati otomatiki ni nyingi kwenye barabara za Kivu, Ituri na Tanganyika. Siku bwati inaanza kuteleza, mwenye gari anasikia neno moja kwenye garaje: "Papa, hii bwati ilisha kufa, tuweke manueli." Kazi hiyo inawezekana. Kwa gari fulani ni uamuzi mzuri. Lakini iko watu walionunua bwati peke yake, gari ikalala garaje miezi juu ya piesi ndogo ndogo zilizokosa, na iko wengine waliorudishiwa gari inayotembea lakini yenye hatari. Makala hii inaeleza wakati gani kazi hiyo ina maana, piesi gani zinahitajika, na nini cha kupima mbele ya kumlipa fundi.

Gari tunazozungumzia

Mfano wetu ni Toyota Corolla, Sprinter na Carina za miaka ya 1990, zenye moteri ya familia ya A: 4A-FE, 5A-FE na 7A-FE. Tumezichagua kwa sababu ziko nyingi huku kwetu, mafundi wanazijua, na Toyota yenyewe iliziuza kwa namna mbili: otomatiki na manueli. Hilo la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Kama kiwanda kilitengeneza gari hiyo hiyo na manueli, basi kila piesi unayohitaji ilishatengenezwa na inaingia bila kubuni kitu. Kama gari yako haikuuzwa kamwe na manueli, fundi atalazimika kukata na kuunga kwa moto. Hapo gharama na hatari zinapanda, na ushauri wetu ni kuacha.

Juu ya nini watu wanataka manueli

Sababu za watu wa huku kwetu si za kupenda tu.

Ya kwanza ni batri. Gari ya manueli ikikosa nguvu ya batri, vijana wanne wanaisukuma, shofere anatia vitesi ya pili, anaachia ambreyaji, moteri inawaka. Otomatiki ya kawaida haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya mafuta ya bwati inazungushwa na moteri. Moteri ikiwa imezimika, hakuna presha ya kushika vitesi.

Ya pili ni kuvutwa. Gari ikikwama kwenye matope, lori linaifunga kamba na kuivuta kilomita nyingi. Kwa otomatiki hiyo ni sumu. Magurudumu yanazungusha piesi za ndani ya bwati wakati pampu imesimama na mafuta hayapandi. Bwati nyingi za huku kwetu hazikufa juu ya uzee. Zilikufa siku gari ilivutwa.

Ya tatu ni milima. Kushuka Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, ao kushuka Kabasha upande wa Kanyabayonga, shofere anataka moteri imsaidie kushika gari ili freni zisipate moto. Tuseme ukweli: hata otomatiki nzima inafanya hivyo, ukiweka levye kwenye 2 ao L. Mashofere wengi wanashuka na D kwa sababu hakuna aliyewaambia. Lakini bwati iliyochoka, yenye kuteleza, haishiki gari hata kwenye L.

Ya ine ni matengenezo. Fundi anayejua kufungua otomatiki, kuisafisha na kuirudisha sawasawa si rahisi kumpata. Fundi wa manueli yuko karibu kila kona ya mji.

Kwanza hakikisha kama bwati imekufa kweli

Mbele ya kuuza ng'ombe ili ulipe kazi hii, pima vitu vitatu. Mara nyingi ugonjwa ni mdogo kuliko fundi anavyosema.

Mafuta. Weka gari mahali pa usawa. Tembea nayo mpaka ipate moto vizuri. Moteri ikiwa inazunguka na mguu kwenye freni, pitisha levye kwenye alama zote polepole, kisha rudi kwenye P. Sasa vuta kijiti cha bwati, pangusa, rudisha, vuta tena, soma kwenye alama ya moto. Mafuta yakiwa chini, bwati inateleza. Yakiwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua, diski za ndani zimekula. Yakiwa mekundu na safi, usikubali haraka kwamba bwati imekufa.

Aina ya mafuta. Otomatiki hizi zinatumia mafuta yao ya pekee, ya aina ya Dexron. Iko watu waliomwaga ndani mafuta mazito ya bwati ya manueli, ama mafuta ya moteri, kwa kufikiri mafuta ni mafuta. Kama hilo lilitokea juzi, kumwaga yote na kuweka ya sawa kunaweza kuokoa bwati.

Kabo ya presha. Kwenye bwati za zamani kama A131L na A240L, kuna kabo inayotoka pale moteri inapopokea hewa mpaka kwenye bwati. Ndiyo inayoambia bwati umekanyaga mafuta kiasi gani. Ikilegea, vitesi zinaingia mapema na bwati inateleza. Ikikazwa kupita kiasi, vitesi zinachelewa na zinagonga. Kuirekebisha ni kazi ya muda mfupi na haidai piesi yoyote.

Kama mafuta yameungua, gari haiendi nyuma ama inachukua muda mrefu kushika vitesi hata baada ya kuweka mafuta mazuri, hapo bwati imefika mwisho. Sasa una njia mbili: kutafuta otomatiki nyingine iliyotumika, ama kuhamia manueli. Otomatiki iliyotumika inaingia haraka kwa sababu kila kitu kinabaki mahali pake, lakini unanunua kitu ambacho huwezi kujua ndani kikoje. Manueli inadai piesi nyingi zaidi, lakini unaweza kuipima kwa macho na mikono.

Tofauti ya bwati mbili

Kwenye otomatiki, moteri imeshikana na sahani nyembamba ya chuma, na hiyo sahani inashika chombo cha duara chenye mafuta, kinachoitwa konvertiseri. Nguvu inapita kwa njia ya mafuta. Ndiyo maana hakuna pedali ya ambreyaji.

Kwenye manueli, mahali pa ile sahani nyembamba panakaa volani ya moteri, yaani gurudumu zito la chuma. Juu yake panafungwa diski na plato. Ukikanyaga pedali, bite inasukuma plato, diski inaachia, unabadilisha vitesi.

Kwa hiyo kuhama kunagusa sehemu ine za gari: nyuma ya moteri, chini ya gari, ndani kwenye miguu ya shofere, na umeme. Fundi anayekupa bei ya bwati tu amehesabu sehemu moja.

Gari ya kutoa piesi: moja, nzima, na ya upande wako

Kanuni ambayo mafundi wenye uzoefu wanashikilia ni hii: piesi zote zitoke kwenye gari moja. Njia nzuri ni kununua nusu ya mbele ya gari ya manueli iliyokatwa, ama gari iliyopata ajali nyuma. Ukikusanya bwati Goma, kardani Butembo na pedali Kampala, kila piesi inaweza kuwa nzuri peke yake lakini zisikubaliane.

Angalia mambo matatu.

Familia ya moteri. Kwa 4A, 5A na 7A, bwati ya manueli inayotafutwa ni ya familia ya C50. Bwati ya Starlet yenye moteri ya familia ya E inafanana kwa macho, lakini mashimo yake ya kufunga kwenye moteri ni tofauti. Bwati za moteri 3S, kama ya RAV4 ya kwanza, nazo haziingii. Fungua kapo ya gari inayouzwa, tafuta kibao kidogo cha chuma chenye namba ya shasi. Kwenye mstari ulioandikwa TRANS/AXLE utaona jina la bwati iliyotoka nayo kiwandani. Kikisoma C50, ilizaliwa manueli. Kikisoma A131L, A240L ao A245E, ilizaliwa otomatiki, na kama leo ina manueli basi mtu mwingine alishaihamisha mbele yako. Hiyo usiinunue kama mfano.

Upande wa usukani. Gari zilizotoka Japani zikipita Dar es Salaam ao Mombasa zina usukani kuume. Zilizotengenezwa kwa soko la Dubai ao Ulaya zina usukani kushoto. Piesi za chini ya gari zinaweza kufanana, lakini pedali, silenda ya ambreyaji na bomba lake vinafuata upande wa usukani. Gari ya kutoa piesi iwe na usukani upande sawa na yako.

Karatasi. Muuzaji akupe fatire yenye namba ya shasi ya gari ile iliyokatwa. Gari za wizi nazo zinakatwa na kuuzwa kipande kwa kipande. Siku polisi ao mwenye mali anakuja, fatire ndiyo itakusemea.

Orodha ya piesi

Andika orodha hii kwenye karatasi, nenda nayo, usitoe pesa kabla ya kuona kila kitu:

- Bwati ya manueli yenyewe, pamoja na kontakte yake ya taa ya nyuma na piesi ya kupima mwendo.
- Volani ya moteri na bulo zake.
- Sahani nyembamba ya kati ya moteri na bwati, na zile pini mbili za kuweka bwati katikati.
- Plato, diski na bite.
- Uma wa bite na raba yake ya kuzuia vumbi.
- Demareri.
- Kardani zote mbili.
- Sipore za moteri na za bwati, pamoja na vyuma vyake.
- Pedali ya ambreyaji na pedali ya freni ya manueli, ambayo ni fupi kwa upana.
- Silenda ya juu ya ambreyaji, silenda ya chini, na bomba la kati.
- Levye ya vitesi na kabo zake mbili.
- Kalkilateri ya moteri ya gari ile, na sehemu ya nyaya zake kama inawezekana.

Vitu vya kununua mpya, hata kama vya zamani vinaonekana vizuri: diski, plato, bite, juwe ya nyuma ya moteri, juwe za kardani, na raba za silenda za ambreyaji. Moteri na bwati vikishaachana, kubadilisha juwe ya nyuma ya moteri ni kazi ndogo. Ukiiacha na ikaanza kuvuja baada ya miezi miwili, bwati itashushwa tena, na mafuta yatakuwa yameshaharibu diski mpya.

Diski, plato na volani viwe vya ukubwa mmoja. Kwenye familia hii kuna ambreyaji za milimita 200 na za milimita 212. Pima kwa rula mbele ya kununua.

Namna kazi inavyokwenda

Fundi anaanza kwa kutoa batri, kumwaga mafuta ya otomatiki, kutoa kardani, kushika moteri kwa juu, kisha kushusha bwati pamoja na konvertiseri yake. Anatoa ile sahani nyembamba na vipande vya chuma vilivyo mbele na nyuma yake. Vipande hivyo havirudi. Vikibaki chini ya volani, volani haitakaa sawa.

Bulo za volani ni ndefu kuliko za sahani ya otomatiki. Hapa ndipo kosa la hatari linafanyika: fundi anarudishia bulo za zamani kwa sababu zinaingia kwenye shimo. Zinaingia, lakini zinashika kwa meno machache tu. Volani ikilegea wakati moteri inazunguka kwa nguvu, inaweza kuvunja bwati na kuumiza watu ndani ya gari. Omba kuona bulo mbele hazijafungwa. Zifungwe kwa msalaba, kidogo kidogo, na kile ya kupima nguvu, kufuatana na kitabu cha moteri.

Uso wa volani unapaswa kuwa safi, bila mafuta na bila nyufa. Ukiwa na mistari mirefu ya kuungua, upelekwe kwa fundi wa turu ausawazishe. Diski inawekwa katikati kwa kijiti maalumu. Bila hicho, bwati inakataa kuingia na vijana wanaanza kuilazimisha kwa bulo. Hiyo inavunja masikio ya bwati. Zile pini mbili za katikati zisikose. Bwati isipokaa katikati sawasawa, inakula beringi yake ya mbele na inaanza kulia baada ya muda mfupi.

Kwa gari zinazosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Hilux na Land Cruiser, kuna beringi ndogo inayoingia nyuma ya moteri ili kushika ncha ya bwati. Moteri iliyokuwa na otomatiki mara nyingi haina beringi hiyo. Corolla na Carina za mbele hazina habari hiyo, lakini mwenye Hilux asiisahau.

Bwati ikishafungwa, inawekwa mafuta ya manueli ya 75W-90, karibu litre mbili kwa C50. Ambreyaji inawekwa mafuta ya freni ya DOT 3, kisha inatolewa hewa mpaka pedali ikae ngumu.

Yale mabomba mawili yaliyokuwa yanapeleka mafuta ya otomatiki kwenye radiateri hayana kazi tena. Midomo yake kwenye radiateri izibwe ili vumbi na matope yasiingie. Si lazima kununua radiateri nyingine.

Umeme: mahali kazi nyingi zinaharibika

Fundi wa moteri na fundi wa umeme ni watu wawili. Kama garaje haina wa pili, mtafute mwenyewe.

Kwenye otomatiki, kuna kontakte upande wa bwati inayojua levye iko wapi. Inafanya kazi mbili: inaruhusu demareri kuzunguka kwenye P na N tu, na inawasha taa nyeupe za nyuma kwenye R. Bwati ikiondoka, kontakte hiyo inaondoka nayo.

Kwa demareri, mafundi wengi wanaunga nyaya mbili moja kwa moja. Gari inawaka, kila mtu anafurahi. Lakini sasa gari inawaka hata ikiwa ndani ya vitesi. Mtoto akizungusha ufunguo kwenye parseli, gari inaruka mbele. Njia nzuri ni kupitisha nyaya hizo kwenye kontakte ya pedali ya ambreyaji, ili demareri izunguke tu wakati mguu uko chini. Mahali pa kuifunga panakuwapo kwenye pedali nyingi za Toyota za wakati huo. Ni waya mbili na saa chache za kazi, na ndiyo piesi tunayokuomba usiiache hata kama pesa imepungua.

Kwa taa za nyuma, nyaya mbili za zamani zinaungwa kwenye kontakte ya taa iliyo juu ya bwati ya manueli.

Kuhusu kalkilateri, inategemea bwati uliyotoa. A131L na A240L zinafanya kazi zaidi kwa mafuta na kabo, kwa hiyo moteri inakubali kuendelea na kalkilateri yake ya zamani bila matata makubwa. A245E inaamriwa na kalkilateri yenyewe. Bwati hiyo ikitoka, kalkilateri inaendelea kuitafuta, inawasha taa ya moteri kwenye tablo na kuhifadhi kosa. Gari inaweza kutembea hivyo, lakini siku moteri ina ugonjwa wa kweli, hutajua, kwa sababu taa imeshazoeleka. Ndiyo maana kalkilateri ya gari ya manueli iko kwenye orodha.

Kwenye gari fulani, ufunguo hautoki mpaka levye iwe kwenye P. Kifungo hicho nacho kiondolewe ao kidanganywe, la sivyo utaacha ufunguo ndani ya gari kila siku.

Freni ya mkono: kitu kinachosahauliwa

Mwenye otomatiki amezoea kuweka P na kutoka. Miaka inapita bila kugusa freni ya mkono, kabo inashika kutu, hakuna anayejua. Manueli haina P. Siku ya kwanza unasimamisha gari kwenye mlima wa Bukavu, kinachoizuia isirudi nyuma ni freni ya mkono na vitesi ya kwanza.

Kwa hiyo mwambie fundi atengeneze freni ya mkono ndani ya kazi hii hii, si baadaye. Na akionyesha pedali mpya ya freni, iangalie vizuri. Ikiwa imefungwa na bulo kwenye mahali pake, sawa. Ikiwa pedali ya zamani ilikatwa na kuungwa kwa moto ili kupata nafasi ya ambreyaji, ikatae. Pedali ya freni haiungwi kwa moto.

Hesabu ya pesa

Bei zinabadilika kutoka mji mmoja kwenda mwingine, na kutoka wiki moja kwenda nyingine kufuatana na barabara, mpaka na dola. Kwa hiyo tunakupa njia ya kuhesabu.

Andika mistari mitano: piesi za gari iliyokatwa pamoja na usafiri na forodha, piesi mpya, mafuta ya bwati na ya ambreyaji, mkono wa fundi wa moteri, mkono wa fundi wa umeme. Ongeza kitu kidogo pembeni kwa yale yatakayotokea. Linganisha jumla na vitu viwili: bei ya otomatiki iliyotumika ikiwa imeshafungwa, na bei ambayo gari yako ingeuzwa leo kama ingekuwa nzima. Kama jumla inakaribia nusu ya bei ya gari, fikiri mara mbili. Shasi iliyooza, moteri inayokula mafuta, na matairi yaliyokwisha havitaponywa na bwati mpya.

Patana na fundi kwa kuandika. Pesa igawanywe: sehemu ya kwanza piesi zikishaonekana zote, ya pili bwati ikishafungwa, ya mwisho baada ya majaribio. Mtu aliyelipa yote siku ya kwanza hana nguvu tena ya kusema. Na bwati yako ya zamani ni mali yako. Hata ikiwa imekufa, konvertiseri na kontakte zake zina mnunuzi.

Majaribio mbele ya kutoka garaje

Fanya haya mwenyewe, fundi akiwa kando yako:

1. Weka gari bila vitesi, mguu nje ya ambreyaji, zungusha ufunguo. Kama kontakte ya pedali imewekwa, demareri isizunguke. Kanyaga ambreyaji, izunguke.
2. Weka vitesi ya nyuma. Mtu aangalie taa nyeupe nyuma.
3. Gari ikiwa imesimama na moteri inazunguka, pitisha vitesi zote. Ziingie bila kulia. Zikilia, ambreyaji haiachii vizuri. Mara nyingi hewa imebaki ndani.
4. Simama mahali pa usawa, freni ya mkono juu, vitesi ya tatu, achia ambreyaji polepole. Moteri inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuzunguka, diski inateleza. Usirudie mara nyingi.
5. Panda mlima, simama katikati, shika gari kwa freni ya mkono peke yake. Isirudi.
6. Tembea kilomita chache. Mshale wa mwendo ufanye kazi, na taa ya moteri isibaki inawaka.
7. Rudi, angalia chini ya bwati na kwenye kardani. Kusiwe na tone la mafuta.

Kama jaribio la kwanza, la tano ao la saba limeanguka, gari haitoki.

Kwa shofere

Kilomita mia chache za kwanza, usivute mzigo mzito na usianze kwa fujo, ili diski na volani vizoeane. Usiache mguu juu ya pedali ya ambreyaji wakati wa kutembea. Hiyo inakula bite. Kwenye mlima, usishike gari kwa ambreyaji, tumia freni. Kushuka, tumia vitesi ile ile ambayo ungetumia kupanda. Na baada ya wiki mbili rudi kwa fundi akaze tena bulo za sipore na kuangalia mafuta ya ambreyaji. Patana naye kabisa mbele ya kazi kwamba kurudi huko kumo ndani ya bei.